Chupa ya Siropu Iliyoshuka Barumbu

Kisangani, Mangobo, tarehe 11 Februari 2024

Papa Jérémie mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni, mguu wako juu ya kigoda, si kitandani. Sisi huku tuko wazima. Tante Adèle anameza vidonge vyake vya presha siku anazokumbuka, na siku asizokumbuka anatugombeza zaidi, ndivyo tunavyojua. Tonton Amuri bado anasema atatengeneza paa kabla ya mvua. Mimi niko mwaka wa mwisho wa biolojia, na kazi yangu ya uyoga kule msitu wa Masako inaendelea vizuri. Au niseme ilikuwa inaendelea.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita watu walikuja kubisha mlango kwa ajili yangu, yaani kuniposa. Ni familia ya Trésor wa Kabondo, yule niliyesoma naye sekondari, aliyekwenda kusoma India, mji wa Bengaluru, na hajarudi tangu hapo. Walikuja mama yake na wajomba zake. Walileta kitenge, chumvi, na chupa moja ya wiski ndani ya boksi zuri sana, ambayo Trésor aliituma kwa mkono wa mwanafunzi aliyekuwa anarudi. Wiski yenyewe imetengenezwa huko huko India. Jina lake sijui kulitamka.

Tonton Amuri akafungua kizibo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. «Eh! Hii pombe iko na harufu ya hôpital! Muliweka dawa ya kidonda ndani?» Mjomba wa Trésor akasema, «Hapana, tonton, iko wiski ya moshi, ya bei kabisa.» Tante naye hakukaa kimya. «Wahindi wanatengeneza pikipiki, sawa. Wiski, tangu lini? Mutoto yetu ni wa kuletea vitu vya kujaribu?» Ilikaribia kuwa ugomvi. Mwishowe walikubaliana kwamba hakuna atakayeinywa wala kuirudisha mpaka thamani yake ijulikane, na chupa ikafungiwa kabatini.

Papa, katika familia hii hakuna chupa ya mahari inayopokelewa bila ulimi wako. Wewe ndiye uliyesimama nyuma ya baa ya nyumba ya wageni ya kampuni ya mawese miaka yote ile, na wakurugenzi walikuita uwaonjee kabla hawajalipa. Kwa kuwa antena ya kwenu imekufa na simu haipiti, nimefanya hivi: bila kumwambia mtu nimechukua ufunguo wa Tante, nimemimina wiski kidogo katika chupa ya siropu ya kikohozi niliyoiosha kwa maji ya moto mpaka harufu ikaisha, na nimempa Yannick wa baleniere akuletee kwa mashua yake.

Onja, halafu useme. Kama ni kitu cha hovyo, andika kwamba ni cha hovyo, usiwaonee haya. Watairudisha na kila mtu atabaki kwao.

Nakuomba usikawie. Tangu Jumapili ile Tante hanipi ruhusa ya kwenda Masako. Anasema, «Mwanamuke wamekwisha kumubishia mulango, analala pori kutafuta nini?» Uyoga unatoka na mvua na kuoza upesi, na mimi niko hapa nachambua majani ya pondu.

Mwanao,
Nicole


Barumbu, tarehe 9 Machi 2024

Nicole, binti wa marehemu mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na chupa imefika. Haikuvuja hata tone, kwa sababu Yannick aliivalisha soksi. Mguu bado ni ule ule, umevimba asubuhi na kuvimba tena jioni. Maji ya mto yalipanda mpaka kwenye mikakao yangu, yakachungulia, yakarudi. Mzee Hamadi seremala anakusalimu. Yeye na mimi ndio watu wa Kindu, Maniema, pekee tuliobaki mtaa huu. Wengine wote wanatusemesha Lingala, kwa hiyo kukuandikia Kiswahili kwangu ni kama kuvua viatu.

Nikueleze nilivyofanya, maana kazi hii haifanywi kwa pupa. Kwanza niliiacha itulie siku nzima, kwa kuwa ilitikiswa na mto. Kesho yake, kabla ya chai, nikatoa glasi yangu moja iliyobaki ya nyumba ya wageni, ile yenye mguu. Nikaitazama kwenye mwanga: rangi ya asali ya porini, na ilipoteremka kwenye kioo iliteremka polepole, kwa adabu.

Nikanusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Amuri hakusema uongo. Dawa ya kidonda ipo, ile ya kahawia, imesimama mlangoni. Kosa lake ni kwamba aliishia mlangoni. Ukiingia ndani unakuta moshi, na si moshi wa kuni. Ni moshi wa tourbe, ule udongo mweusi wa kinamasi. Wanauchoma chini ya shayiri ili ikauke, jinsi sisi tunavyokausha samaki, na nafaka inanywa moshi ule, nao hautoki tena. Mkurugenzi mmoja alikuwa na wiski ya namna hiyo kutoka kisiwa cha Scotland na aliificha chini ya kitanda. Niliionja mara moja tu.

Lakini hii ya kwako, Nicole! Nyuma ya moshi nilikuta embe. Embe lililoiva mpaka ganda likaanza kutoa asali. Halafu nanasi, halafu kitu kama pilipili manga mwishoni. Scotland hakuna embe. Nadhani ni joto la kule: nchi ya baridi inailaza wiski ndani ya pipa, nchi ya joto inaiamsha kila mchana. Hii si ya miaka mingi, ila imekomaa upesi, kama mtoto wa kwanza wa mjane. Nikatia tone moja la maji, moshi ukasogea pembeni kulipisha embe. Hamadi hanywi, unajua, ni Mwislamu wa kweli. Alinusa tu, akasema, «Iko sawa na jikoni ya mama yangu, Kindu, wakati ya mvua.» Na asubuhi ya pili glasi tupu ilikuwa bado inanukia.

Hukumu yangu ni hii: katika ukoo wetu haijawahi kupokelewa chupa ya thamani hii kwa ajili ya binti yeyote. Zile tunazozijua sote, ambazo nusu zimejazwa upya nyuma ya nyumba ya mtu, hazistahili kukaa nayo kabati moja.

Na sasa neno lililonitoa machozi. Kwetu Kindu binti hakuulizwa kwa mdomo kama anakubali. Kinywaji cha mchumba kilikaa bila kuguswa mpaka yeye mwenyewe akimimine na kumpelekea mkubwa wa ukoo. Akikipeleka, amekubali. Mkubwa akimeza, imekwisha. Nilidhani watoto wa mjini mmesahau. Kumbe wewe, kwa siri, kwa mkono wako, umemimina na kukituma mto mzima mpaka kwangu! Yale maneno yako kwamba labda ni cha hovyo nimeyachukua kuwa haya ya msichana.

Nimekuelewa, mwanangu. Nimemeza yote, Hamadi akiwa shahidi. Anapanda Kisangani wiki ijayo kutafuta mbao, na atafikisha neno langu kwenye nyumba zote mbili.

Baba yako mwenye furaha,
Jérémie


Kisangani, tarehe 4 Aprili 2024

Papa Jérémie,

Shikamoo. Tante mzima, Tonton mzima, paa bado.

Barua yako ilichelewa, Hamadi akaitangulia. Siku aliyofika mimi nilikuwa uani natwanga ndizi za lituma. Nikasikia vigelegele ndani, nikajiuliza nani amejifungua. Tante akatoka mbio, akanikumbatia na mchi wangu mkononi, akasema, «Ulitufichia! Kumbe wewe mwenyewe ulimutumia papa mukubwa kinywaji!» Nilisimama pale nikiwa sijui nimefanya nini. Mpaka Hamadi aliponieleza desturi ile, kwa upole, akifikiri ananikumbusha.

Papa, sikujua. Nakuapia kwa kaburi la baba, sikuwa najua. Mimi nimezaliwa Mangobo, Kindu nimefika mara moja nikiwa mgongoni. Nilituma ile wiski ili useme ni mbaya. Nilikuwa na hakika utasema ni mbaya! Imetoka India, inanuka hospitali, nani angedhani? Nilitaka waifunge kwenye boksi lake wairudishe, na mimi nirudi Masako bila kumtukana mtu yeyote. Basi, nimesema. Simtaki Trésor. Sina ubaya naye, simjui tena.

Na sikiliza wanachopanga. Trésor haji. Mahari itafanywa kwa picha: wataiweka picha yake kwenye kiti, imevishwa tai, na mdogo wake atajibu badala yake. Siku hiyo hiyo nitahamia Kabondo kwa Mama Trésor. Yeye upande mmoja wa mwili umekufa ganzi tangu mwaka jana, na binti zake wote wameolewa mbali. Wanatafuta mikono, Papa. Mikono ndiyo mimi. Mémoire yangu, ile tasnifu ya chuo, wanasema nitaimalizia kule «polepole». Nani atakwenda msituni na kumwacha mgonjwa?

Nimemuuliza Tonton Amuri kama chupa inaweza kurudishwa. Kwanza, haipo. Tangu neno lako lifike ameimaliza na marafiki zake, na anamwambia kila mtu kwamba yeye aliutambua moshi ule siku ya kwanza. Pili, anasema kinywaji kilichopimwa kinarudishwa kwa kinywaji cha kipimo kile kile, na wewe umekipima juu ya vyote vilivyowahi kuingia kwetu. Kisangani nzima hakuna duka lenye kitu hicho. Ungesema ni cha kawaida, tungenunua chupa yoyote tukawapa. Umenifungia kwa sifa.

Ninakuomba jambo moja. Andika kwamba ulikosea.

Nicole


Barumbu, tarehe 2 Mei 2024

Nicole,

Salamu. Mvua ni nyingi. Mikakao imeshikwa na ugonjwa mweusi, nimekata matunda mengi na kuyafukia. Mguu umenilaza wiki mbili. Mke wa katekista ananiletea uji, hajui kutia chumvi lakini ana moyo. Hamadi amerudi na mbao, anatengeneza milango ya shule, na anasema nyumbani kwenu alikaribishwa vizuri sana. Mto umeanza kushuka.

Nimesoma barua yako mara nyingi.

Ninajua ulitaka niseme nini. Ila mimi nimekuwa na kitu kimoja tu maisha yangu yote. Sikusoma. Sina mtoto. Nyumba hii ni ya udongo. Wakati mkurugenzi alipoletewa kasha zima la wiski na wakubwa wa Kinshasa, wote wakisifu, mimi mtumishi nilimwambia sikioni kwamba ni sukari iliyounguzwa na pombe ya duka la dawa, na angeweza kunifukuza. Sikusema uongo hata pale. Watu wa hapa wananiita kila mahali penye chupa kwa sababu hiyo tu.

Fikiri pia hivi. Mtu aliyesimama mbele ya chupa mia moja huko Bengaluru akachagua ile, si mtu mjinga. Angeweza kuchukua ile ya kumeremeta. Alichukua iliyo ngumu mlangoni na tamu ndani. Mimi nimemwonja kidogo kijana huyo, na ninakwambia ana akili na ana subira. Mngoje. Usiharakishe.

Kula vizuri.

Jérémie


Kisangani, tarehe 29 Mei 2024

Papa,

Natumaini mguu umepungua. Tante anakusalimu.

Nimempigia Trésor. Niliiba muda Tante akiwa sokoni. Mwanzoni hakunitambua sauti, nikamwambia, «Iko Nicole, wa darasa ya Père Denis.» Akacheka. Nikamuuliza kuhusu wiski. Akaniuliza, «Wiski gani?»

Ilivyokuwa ni hivi. Mama yake alimwomba kitu cha kinywaji kwa ajili ya sherehe, hakumwambia ni sherehe gani. Yeye hanywi, ameokoka. Alimpa fedha Mhindi anayekaa naye chumba kimoja, naye ndiye aliyekwenda dukani akachagua anachokipenda yeye. Trésor hata boksi hakulifungua. Kwa hiyo yule uliyemwonja, mwenye akili na subira, ni mtu mwingine kabisa, na sidhani kama anatafuta mke Kisangani.

Nilipomwambia kwamba wamenibishia mlango kwa jina lake, akaanza kulia. Shule aliiacha zamani. Karatasi zake zimekwisha muda, chumba chao kiko juu ya ghala anakofanya kazi ya kubeba mizigo, na hatoki nje mchana kwa kuogopa polisi. Akijitokeza watamrudisha kwa aibu, na mama yake anawaambia watu wote kuwa mwanawe ni injinia. Akasema, «Nicole, mimi sitarudi. Usiningoje. Lakini usimwambie mama, ile habari itamuua.»

Nimemwahidi. Sasa umeona nilipo. Sababu ninayo, na siwezi kuitoa kinywani. Nakwambia wewe peke yako kwa sababu Barumbu hakuna simu na kwa sababu huna tabia ya kusema.

Siku imewekwa: Jumamosi tarehe 20 Julai. Picha wamekwisha kuikuza, ni ya kitambulisho cha sekondari, ana miaka kumi na saba. Nitaolewa na mtoto, Papa, nimlelee mama yake. Usiku nahesabu mbao za dari na nataka kupiga kelele. Ninakuogopa na ninakupenda na nimekukasirikia, vyote pamoja.

Nicole


Barumbu, tarehe 21 Juni 2024

Nicole,

Barua nimeipata, na nimeichoma kwa ajili ya yule kijana.

Mimi ni mkubwa wa ukoo, mahari haiwezi kufanywa bila kiti changu. Yannick atanipandisha. Waambie Tante na Amuri waandae mahali pa kulala pasipo na ngazi. Siku hiyo wewe kaa ndani na wanawake, na lolote utakalosikia, usitoke.

Jérémie


Masako, tarehe 25 Agosti 2024

Papa Jérémie wangu,

Nakuandikia nimekaa juu ya gogo, ndiyo maana mwandiko umepinda. Natumaini safari ya kurudi haikukuchosha na mguu haukulipiza kisasi. Niko hapa wiki ya tatu. Mvua zimeanza tena na uyoga umejaa, hata ule wa rangi ya zambarau ambao profesa alisema sitaupata mwaka huu. Tante haongei nami bado, lakini juzi alinitumia makayabu, samaki wale wa chumvi, yaliyofungwa vizuri, kwa hiyo atasema tu.

Sikukushukuru siku ile. Uliondoka alfajiri na mimi sikuweza kukutazama usoni. Acha nikuandikie jinsi nilivyoisikia kutoka nyuma ya pazia, maana wewe ulikuwa mbele na labda hukujua yanayosikika nyuma.

Nilisikia mjomba wa Trésor akikuomba urudie mbele ya wote hukumu ya wiski ile, ili siku ifunguliwe kwa heshima. Nikasikia kigoda chako kikisogea. Ukasema, «Batoto yangu, munisamehe. Ulimi yangu imekufa. Tangu mwaka jana, na ule ugonjwa wa mguu, sisikie kitu. Chumvi, sukari, yote iko sawa na maji. Yale nilisema juu ya ile wiski, nilisema kwa kiburi, nilikumbuka wiski ya zamani. Sikuionja.» Ukawaambia kwamba mkubwa asiyeonja hawezi kuwa amepokea, na kilichopita kooni mwako ni bure.

Papo hapo Tonton Amuri akaruka juu. «Mimi nilisema! Siku ya kwanza nilisema iko dawa ya hôpital!» Ningeweza kumbusu, yule mwongo.

Lakini mjomba wa Trésor hakuamini. Nilimwona akipita jikoni kwetu, akachukua glasi, akatia siki ya Tante ya kachumbari, mpaka juu. Akakupelekea akasema, «Papa, basi tupokee hii nyingine, iko ya Scotland.» Wanawake wote kule nyuma walijua. Mimi nilitaka kutoka, Mama Trésor mwenyewe akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Tukasubiri. Nilikusikia ukinywa. Hukukohoa. Ulimeza taratibu, ukaweka glasi chini, ukasema, «Merci, mwanangu. Iko wiski muzuri.»

Papa, walicheka. Uani kote walicheka, na watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Wewe ulikaa pale. Mtu aliyewaambia wakurugenzi ukweli. Mimi nililia nikiwa nimeuma kitenge.

Kwa kuwa kipimo chako kilikuwa kimefutwa, wakapewa chupa ya kawaida ya dukani, wakaichukua na picha yao wakaondoka. Mama Trésor aliniambia mlangoni, «Mungu akusaidie,» na sikujua alikuwa ananibariki au ananilaani. Baada yenu kuondoka familia ilikaa, ikaamua kwamba tangu sasa kinywaji cha mahari kitaonjwa na Tonton Amuri. Najua umekwisha kuambiwa.

Niambie nifanye nini nikulipe. Niko huru, na kila nikifurahi naisikia ile glasi ikiwekwa chini.

Nicole wako


Barumbu, tarehe 3 Oktoba 2024

Nicole, mwanangu,

Nafurahi kusikia habari za uyoga wa zambarau. Mwambie profesa kwamba alikosea, tena umwambie kwa adabu, ndiyo inauma zaidi. Mguu unanipeleka mpaka kwa Hamadi na kunirudisha. Mikakao iliyobaki imepona. Tante Adèle ameniandikia barua ndefu ya pole kwa ajili ya ulimi wangu, na amenitumia dawa ya majani, chungu kweli kweli. Nainywa mbele ya watu kila asubuhi.

Usitafute cha kunilipa. Ile siki ilikuwa imeisha nguvu, Tante anaiacha bila kizibo. Cheka, basi.

Nikuambie la hapa ili usilisikie kwa mwingine likaongezwa. Jumamosi iliyopita walikuja kumposa Benie, dada yake Yannick. Unamjua, yule mwenye sauti ya kwaya. Walinikaribisha kwa sababu ya umri, wakanikalisha pembeni, kwenye kivuli, na kahawa yangu. Wachumba wakatoa chupa tatu, boksi za dhahabu. Watu wakashangilia. Yannick ameuza injini moja ili kuandaa karamu, kwa furaha alikuwa anagawa viti mwenyewe.

Kizibo kilipofunguliwa nilikuwa mbali, lakini upepo ulitoka kule. Sukari iliyounguzwa, Nicole. Sukari na pombe ya duka la dawa, zote tatu. Zamani ningeinua kidole kimoja tu na mambo yote yangesimama, na wale watu wangerudi kwao kutafuta adabu kabla ya kumchukua mtoto wa mtu. Sasa kidole hicho kingesikika mpaka Kabondo. Hamadi alikuwa amekaa karibu nami. Alinitazama. Alinusa, akanitazama tena, kwa sababu yeye anajua ukweli wangu wote, na mimi nikatazama kahawa.

Wakamimina. Benie mwenyewe akaona nimeachwa, akaniletea glasi kwa mikono miwili, akapiga goti. Ni msichana mwenye heshima. Nikaonja, maana kukataa kungekuwa tusi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, wengine wasisikie, «Papa Jérémie, hata kidogo tu, hausikii? Iko muzuri?»

Nikamwambia sisikii kitu, aulize wengine.

Baba yako,
Jérémie